Chingamu ya Baba Murugi

Kila jioni akitoka shuleni, Murugi alipitia karakana ya useremala ya baba yake pale Gatitu ili warudi nyumbani pamoja. Zamani harufu ya sigara ndiyo iliyompokea mlangoni. Sasa Baba alikuwa anaacha kuvuta, na mfamasia alikuwa amempa chingamu yenye nikotini imsaidie kuishinda hamu.

Jioni hiyo Murugi alimkuta akitafuna mbio mbio kama mbuzi, kikombe cha chai mkononi. Anatafuna, anapiga funda, anatafuna tena. Mara kwikwi ikamshika.

"Baba Murugi, umerudi utotoni?" Mburu, fundi mwenzake, alimcheka huku akiwasha sigara. "Waachie watoto hizo. Shika moja hapa, roho itulie."

Baba aliitazama ile sigara bila kuipokea. "Pengine unasema kweli. Hii dawa inanichoma koo bure, na hamu iko palepale. Kesho naitupa."

Murugi alishtuka. Je, kile kikohozi kilichokuwa kikimkunja Baba kila asubuhi kingerudi? Tena, mbona dawa iwafae wengine, yeye impe kwikwi?

"Baba, uliuliza inatafunwaje?"

"Kutafuna nako kunaulizwa?"

"Basi twende nikaulize mimi."

Mfamasia wa Ruring'u, Bi. Nasirumbi, aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akacheka kidogo.

"Mzee, hii si ya kutafuna mfululizo. Itafune polepole mpaka usikie ladha kali kama pilipili manga, halafu uiweke kati ya shavu na ufizi, itulie. Ladha ikipungua, tafuna tena kidogo. Nikotini huingia mwilini kupitia mdomoni. Ukiimeza pamoja na mate, unapata kiungulia na kwikwi tu."

"Na chai, daktari?" Murugi aliuliza.

"Chai, kahawa, soda, zote zingoje, maana huizuia nikotini kuingia vizuri. Asinywe robo saa kabla, wala ikiwa mdomoni."

Baba alishika kichwa. "Na mimi nashinda na chai kutwa!"

Murugi hakuwa amemaliza. "Lakini nikotini si ndiyo iliyomfunga Baba kwa sigara? Mbona unampa tena?"

"Umeuliza vyema. Nikotini humfunga mtu, lakini moshi ndio hasa unaoharibu mapafu. Tunampa kidogo bila moshi, kisha tunapunguza hadi asiihitaji."

"Naweza kuonja?"

"Hata kidogo! Kwa mtoto hii ni sumu. Baba aiweke juu, mbali na ninyi."

Baba alifuata maagizo. Kwikwi ikakoma, hamu ikalegea, na baada ya wiki kadhaa akaanza kupunguza chingamu yenyewe. Siku moja Mburu alisogea karibu, akanong'ona kama mwizi:

"Hiyo kitu yako... hata mimi inaweza kunisaidia?"

"Nenda kwa mfamasia," Baba alimjibu. "Lakini usitoke dukani kabla ya kuuliza inavyotumiwa." Akamgeukia Murugi. "Mwanangu, karibu niitupe dawa nzuri, nirudi kwenye moshi, kwa sababu niliona haya kuuliza jinsi ya kutafuna. Wewe hukuona haya. Ubaki hivyo hivyo. Dawa usiyojua kuitumia haikuponyi, na inaweza kukudhuru."