Kompyuta ya Hatua Tisa

Siku ile mjinga alikuwa fundi, na mwenyewe hakatai mpaka leo. Duka la kompyuta lilikuwa limefurika watu, naye alikuwa anatafuta wa kumtania. Akaingia mchora ramani, gauni la kijani, rula imechomoza mkobani, akaomba laptopu yenye kioo kikubwa kuliko zote.

"Nataka ishike nafasi ya kompyuta yangu ya mezani."

"Dada, hii ni kilo nne, na chaja yake ni tofali. Betri haimalizi saa mbili. Ukiibeba hii, nani atakubeba wewe?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifungua ramani ya ghorofa nzima, akaikuza mpaka vipimo vya ngazi vikasomeka bila kukunja macho. Feni ilipoanza kuvuma, akainama na kutega sikio juu ya kibodi, kama anayesikiliza pumzi za mtu aliyelala.

"Ina kelele kidogo. Nitaijaribu nyumbani."

"Utasafiri nayo mpaka wapi?"

"Hatua tisa."

Fundi akadhani ni mzaha, akampenda kwa mzaha huo. Duka lao lilimwachia mteja mashine siku saba za majaribio, basi kila jioni fundi akawa anampigia simu.

"Mtoto wangu hajambo?"

"Hajambo. Ana joto kidogo."

"Na mlezi wake?"

"Anakusikia, mchokozi wewe."

Siku ya nne alimwita "mpenzi", na simu haikukatwa. Siku ya tano haikupokelewa. Ya sita pia. Siku ya saba mchora ramani akaja mwenyewe, amevaa miwani myeusi, akaitua laptopu juu ya kaunta.

"Haihitajiki tena."

Moyo wa fundi ulishtuka, naye akajificha nyuma ya mdomo wake kama kawaida. "Si nilikwambia! Hatua tisa zimekushinda?"

"Zilikuwa za kutoka mezani kwangu hadi kitandani kwa mama. Nilichora kwa mkono mmoja, wa pili nimemshika. Tumemzika juzi."

Akaondoka. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wa fundi ulimvunja mwenyewe.

Jumapili fundi alibisha hodi nyumbani kwake, laptopu kifuani. Sebuleni, kompyuta ya mezani ilikuwa imekaa pembeni. Mlango wa pili ulikuwa wazi, na kitanda kimetandikwa vizuri mno.

"Nisamehe. Nilicheka nisichokijua."

Mchora ramani akavuta kiti. "Mama alikuwa anazisikia simu zako. Alisema, 'Mwanangu, feni nimeizoea. Huyu naye ana kitufe cha kumzima?'"

Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na fundi, kwa mara ya kwanza, akaacha mzaha. Alimshika mkono tu mpaka alipotulia.

"Baki nayo," fundi akasema.

"Ya nini? Ya mezani inanitosha. Sina pa kuipeleka."

"Ilete kwangu. Ni mitaa mitatu tu. Na wewe uje nayo, tuoane."

"Na chumba cha mama nimwachie nani?"

"Mpenzi, nyumba hii imejaa huzuni."

"Ni huzuni yangu."

"Kwangu kuna dirisha kubwa, meza pana, utachora kwa raha..."

Mchora ramani akajifuta macho, akaivuta laptopu na kuiweka kwenye meza yake.

"Kilo nne kwa hatua tisa zilikuchekesha, leo nizibebe mitaa mitatu? Mwepesi hapa ni wewe. Hamia wewe."