Shangazi Asiye na Jiko

Jumamosi asubuhi Soko la Wakulima lilikuwa limefurika, na Rumaisa Darweshi alikuwa amesimama katikati ya njia akicheka mpaka machozi. Alikuwa na dera la kijani lenye maua meupe, mtandio wa njano umeteleza nusu, kikapu mkono mmoja na simu mkono wa pili. Wasukuma mikokoteni walimpigia mluzi apishe. Hakusikia.

"Mama Ndung'u, hebu sikia hii," alimwambia muuza dania. "'Pilau ya Watu Wenye Aibu. Chukua vitunguu vitatu ambavyo havijawahi kugombana. Kaanga mpaka viombe msamaha. Weka nyama, uiambie isikuangalie. Ikichemka, toka nje ujifanye huijui.'"

Mama Ndung'u alishika kiuno. "Ujifanye huijui! Nani ameandika hiyo wazimu?"

"Shangazi. Yuko Facebook, Jiko la Shangazi. Wengine wanasema ni kompyuta, wengine wanasema ni mathe fulani wa Kuresoi amechoka na bwana yake."

Hatua mbili nyuma yao kijana mrefu mwenye shati la samawati alikuwa amesimama na mfuko wa viazi begani, mdomo wazi. Hanif alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo kidogo mjini. Kwa miezi mitatu alikuwa akiifundisha laptop yake kuandika mapishi, na hakuwahi kumsikia mtu akiyasoma kwa sauti. Tena mtu mwenye kicheko kile! Mfuko ukamponyoka begani. Viazi vikamwagika.

"Boss, viazi zako!" Rumaisa alipiga kelele.

"Nimeona."

"Hujaona kitu. Umekanyaga moja."

Wakainama pamoja kuokota, vichwa vyao vikagongana, na wote wawili wakacheka. Hanif akatafuta neno la kumzuia asiondoke.

"Wewe unapika?"

"Napikia watu wa sherehe. Njoo mtaa wa Bondeni uulize Rumaisa wa biriani."

"Nipatie namba. Tuko na mkutano Jumanne, watu kumi na wawili."

Hakukuwa na mkutano wowote. Jumanne wanafunzi wake walikula biriani mpaka wakauliza kama mwalimu ameshinda bahati nasibu.

Simu zikaanza. Za asubuhi, za mchana, za "nilikuwa nataka tu kujua kama umekula". Wiki ya pili Hanif alishindwa kuvumilia.

"Rumaisa, kuna kitu nataka kukuambia. Usikate simu."

"Uko na bibi."

"Sina bibi! Niko na Shangazi."

Yowe lilimfanya Hanif asogeze simu mbali na sikio. "Wacha! Ni wewe? Aki Hanif, ni wewe?"

"Ni mashine. Mimi nimeilisha tu." Akamweleza jinsi alivyokusanya maelfu ya mapishi kutoka kundi la Facebook la Wapishi wa Nakuru, ambako akina mama walikuwa wameandika kwa miaka kumi. Mashine iliyasoma yote, kisha ikaanza kutunga yake bila kujua kitunguu ni nini.

"Kwa hivyo Shangazi hajawahi kuonja chochote?"

"Hana hata ulimi."

"Maskini! Nitamuonjea mimi."

Kuanzia hapo ikawa kazi yao wawili. Rumaisa alichagua, Hanif akaposti, kila siku saa nne asubuhi. Mashabiki wakapanda kutoka elfu mbili hadi elfu arobaini. Mwalimu Cheruto wa Keringet alichemsha viazi "mpaka vikumbuke shule", akavivalisha tai za karatasi na kupiga picha. Bwana mmoja, Kipkemei, aliandika kwa hasira: "Mimi ni injinia. Kompyuta haiwezi kuwa na machungu kama haya." Komenti mia tisa zikamjibu, nusu zikimuunga mkono.

Alasiri moja walipanda mpaka ukingo wa kreta ya Menengai. Upepo ulikuwa mkali, mtandio wa Rumaisa ukipepea kama unataka kuruka bondeni. Hapo ndipo Rumaisa alipomweleza habari za mama yake, aliyefariki miaka miwili nyuma.

"Napika kila kitu chake," alisema. "Lakini mkate wa sinia unanikataa. Mama alikuwa ananiambia, 'Mimina taratibu, kama unamwambia mtu siri.' Namimina hivyo hivyo. Unafura, unapasuka, unaanguka." Akafuta jicho haraka. "Hii sijawahi kumwambia mtu."

Hanif alichukua kikapu cha Rumaisa na kukibeba njia nzima ya kurudi.

Siku tisa baadaye, Rumaisa akiwa msibani na simu imezimwa, Hanif alichagua posti mwenyewe mbio mbio kabla ya darasa. Aliona neno "mkaguzi" akacheka, akaituma bila kuisoma mpaka mwisho.

Alipowasha simu adhuhuri, Rumaisa alikuta skrinshoti kutoka kwa shangazi yake wa kweli, Bi Najwa wa mtaa wa Section 58. "Mkate wa Sinia wa Mkaguzi wa Shule. Loweka mchele na majuto. Saga mkaguzi. Mimina taratibu, kama unamwambia mtu siri, halafu kanusha kila kitu."

Chini yake, watu elfu kumi na moja walikuwa wamecheka.

"Hanif." Sauti ya Rumaisa kwenye simu ilikuwa ndogo. "Nilikuambia wewe peke yako."

"Kuniambia nini? Ngoja... Rumaisa, wallahi sikuandika hiyo!"

"Basi ni nani? Mashine ilikuwa Menengai na sisi?"

"Sijui imetoa wapi. Nakuapia."

"Mamangu yuko kaburini na umemfanya kichekesho." Akakata. Hanif alipopiga tena, alikuwa ameshablokiwa.

Hanif alifuta posti ile na kusimamisha ukurasa. Mtandao ukawaka moto. "Rudisha Shangazi!" "Shangazi ameolewa?" "Nani amemteka Shangazi wetu?" Hakuwajibu. Swali moja tu lilimkaba: sentensi ile ilitoka wapi? Siku ya tatu aliacha kujitetea kichwani, akafungua mafaili ya mwanzo kabisa, yale aliyoilisha mashine kabla hajamfahamu Rumaisa, na kuyapekua.

Ilikuwa pale. Imeandikwa miaka minane iliyopita na mtu aliyejiita Ummu Rumaisa, yaani mama yake Rumaisa. Akatafuta jina hilo. Mapishi sabini na moja.

Hanif alikaa akiyasoma mpaka chai yake ikapoa.

Kwanza aliandika ukurasani. Aliwaeleza watu kwamba Shangazi ni mashine, na kwamba kila sentensi iliyowachekesha ilikuwa na jasho la mama fulani ndani yake, na yeye hakuwa ameomba ruhusa ya yeyote. Aliomba radhi. Anayetaka maneno yake yaondolewe aseme. Alitarajia matusi. Badala yake akina mama wakamiminika. "'Kaanga mpaka jirani abishe hodi' ni yangu hiyo!" "Ile ya tangawizi ni ya nyanyangu, usiitoe!" Ni Bi Sitati mmoja tu aliyetaka yake yatolewe, na Hanif akayatoa siku hiyo hiyo.

Kisha akayachapisha yale mapishi sabini na moja kwenye karatasi, akavaa kanzu iliyopigwa pasi, na baada ya Alasiri akabisha hodi Bondeni. Mzee Darweshi, babake Rumaisa, ndiye aliyefungua.

"Assalamu alaikum, Mzee. Mimi ndiye yule wa mashine."

"Waalaikum salaam." Mzee alimtazama juu mpaka chini. "Una ujasiri."

"Sikuja kujitetea. Hizi ni za nyumba yenu."

Mzee alivaa miwani. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaketi kwenye ngazi ya mlango bila kujali vumbi. "Ni yeye," alisema. "Hivi ndivyo alivyokuwa akiongea. Akaunti yake iliibiwa alipofariki, ikafungwa. Tulidhani mapishi yake yameenda yote." Akageuka ndani. "Rumaisa!"

Lakini Hanif alikuwa ameshaaga na kwenda zake.

Rumaisa alisoma akiwa amesimama jikoni, tarehe baada ya tarehe, hadi akafika kwenye mkate wa sinia. Tarehe ilikuwa ya miaka minane nyuma. Hanif hakuwa amedanganya. Na chini kabisa mama yake alikuwa ameongeza: "Hamira kijiko kimoja tu. Binti yangu huweka viwili akidhani sioni."

Alicheka kwa kwikwi huku analia, baba yake akaja mbio akidhani ameungua.

Asubuhi iliyofuata Hanif alikuwa mbele ya wanafunzi thelathini, chaki mkononi, simu ilipotetemeka mezani. Aliona jina, akasahau somo.

"Umekula?" Rumaisa aliuliza.

"Bado."

"Mkate umetoka. Umesimama vizuri, Hanif, kahawia juu, laini ndani. Baba amekula vipande vinne." Akavuta pumzi. "Nisamehe. Nilikuhukumu haraka."

"Nisamehe mimi. Ningeuliza kabla ya kuchukua."

"Sasa sikiza. Baba anasema mtu anayerudisha kitu kama hiki asisimame mlangoni. Aje akae ndani."

"Nije leo?"

"Leo uje ufanye nini peke yako? Kuja Jumapili. Na wazee wako."

Hanif alishika ukingo wa meza. "Rumaisa, unajua ukiniambia nilete wazee ni kusema tunakuja kuposa?"

"Mimi si mashine, mpenzi. Najua ninachosema."

Kosgei wa safu ya mbele akainua mkono. "Mwalimu, kuna nini?"

"Jumapili," alisema Hanif, sauti ikimpasuka. "Amesema Jumapili!"

Wanafunzi thelathini wakaanza kupiga madawati kama ngoma, na upande wa pili wa simu Rumaisa akawasikia, akacheka kile kicheko chake mpaka mtandio ukamtoka kichwani.