Jiwe la Mpaka Lililotembea

Seremala alikuwa anakunywa chai ya asubuhi mlango ulipofunguka wenyewe. Mkewe aliinuka, akaufunga. Ukafunguka tena taratibu, kama kuna mtu anachungulia.

"Fundi mzima, mlango wa kwako haukai!" mkewe akamtania.

"Nimeurekebisha juzi tu," seremala akasema. Hakucheka.

Kulikuwa na mambo mengine. Kuku walikataa kuingia bandani. Chini ya sakafu ilisikika sauti kama ya gunia linaloburutwa, kisha kimya.

Seremala akatoka kukagua, akapanda hadi mpakani mwa shamba lake. Pale mpima ardhi alikuwa amezika mawe ya zege katika mstari mmoja ulionyooka. Leo jiwe la katikati lilikuwa limetoka kwenye mstari, limeshuka ndani ya shamba lake.

"Kipara!" alimwita jirani yake wa juu. "Unaniibia ardhi mchana kweupe?"

Kipara alikuja mbio. "Mimi? Hebu tazama nyasi, ndugu yangu."

Seremala akainama. Nyasi zilikuwa zimelizunguka jiwe kama zamani. Hapakuwa na alama ya jembe wala ya mguu.

"Basi nani kalisogeza?"

Seremala akashika sururu ili alirudishe jiwe mwenyewe.

"Acha hiyo!" Afisa misitu alikuwa anapita njiani, akawasikia. "Jiwe la mpaka haling'olewi na mwenye shamba, hata kama haki ni yake. Ni kosa. Peleka malalamiko baraza la ardhi, nao watamwita mpima."

Kisha yeye mwenyewe akalitazama jiwe. Uso wake ukabadilika. "Nipelekeni juu."

Huko juu zamani kulikuwa na msitu wa kijiji. Sasa vilibaki visiki, vyote vimelalia upande mmoja. Nyuma yake ardhi ilikuwa imepasuka, ufa mrefu kama mdomo. Afisa alitumbukiza fimbo. Ilizama yote, hawakusikia ikigonga chini. Hewa baridi ikawapuliza usoni.

"Inapumua," Kipara akanong'ona.

"Inatembea," afisa akasema. "Mizizi ndiyo iliyokuwa inaushika udongo huu. Imeoza, na mlima unateremka kidogo kidogo. Jiwe limebebwa, na nyumba zenu huko chini zinasukumwa. Nani alikata miti?"

Seremala alitazama viatu vyake. Mbao zake zilitoka hapo. Mkaa wa Kipara pia.

"Mlikuwa na kibali?"

"Msitu wa wote, bwana afisa," Kipara akasema. "Tukaona kila mtu anachukua."

"Wa wote maana yake wote mnaamua. Mngeomba kibali, ningekuja kukagua. Mteremko mkali kama huu haukatwi miti kabisa. Sasa hameni leo, kabla ya mvua."

Mama mzazi wa seremala aligoma. "Nimezalia watoto hapa. Siendi popote."

Mkamwana wake akamshika mkono. "Mama, sikiliza." Chini ya miguu yao lile gunia likaburutwa tena, refu, likiwapita. Bibi akachukua shuka lake, akatoka.

Walilala shuleni, pamoja na familia ya Kipara. Mvua ilinyesha mfululizo. Ilipokatika, walirudi kutazama. Pale palipokuwa na nyumba zao palikuwa na tope tupu, laini, kimya, kama hapakuwahi kuishi mtu. Seremala alihesabu watu wake mmoja mmoja, akaanza kuhesabu upya.

Mkutano wa kijiji uliwapa viwanja kwenye tambarare. Mpima alikuja, akaweka mawe mapya mbele ya majirani wote. Kamati ya msitu ikaundwa. Siku hizi anayetaka mti huomba kibali, na mteremko umeachiwa miche yenye mizizi mirefu.

Seremala na Kipara bado wanagombana. Wanagombania zamu ya kumwagilia miche.