Ombi la Nne

Kila Jumamosi jioni Chiriku alisimama karibu na cherehani ya mama yake, akijizoeza kusoma maombi ya waamini kwa ajili ya Misa ya kesho yake. Jina la Chiriku alipewa na kaka yake, maana binti huyo alikuwa na mdomo, jamani! Sasa kaka alikuwa vitani, na nyumba ilikuwa imepoa.

"Soma taratibu," mama alisema huku akipinda upindo wa sketi. "Mungu hafukuzwi na mtu."

Chiriku alipofika ombi la nne, alikwama. Katekista alikuwa ameandika: "Tuwaombee askari wetu na askari wa upande wa pili, waweke silaha chini na kurudi kwao wazima."

"Haa! Mama, niwaombee wanaomlenga kaka bunduki? Siyasomi haya!"

"Utasoma ulichopewa."

Jumapili, mbele ya kanisa lililojaa, damu ilimchemka. Akatunga ya kwake: "Ee Mungu, wape askari wetu ushindi, na adui zetu uwafute, asibaki hata mmoja!"

"Ee Bwana, twakuomba utusikie!" Watu waliitikia mpaka mabati yakatetemeka. Baada ya Misa, nje, fundi baiskeli wa mtaani alimpigapiga begani. "Umesema kweli, binti!" Chiriku akavimba kichwa.

Nyumbani mama alimuuliza, "Maneno yale ulipewa na nani?"

"Katekista ndiye aliyeyabadilisha." Ulikuwa uongo mtupu.

Katikati ya wiki askari wawili walipiga hodi, kofia mkononi. Kaka alikuwa ameuawa. Mama aliteleza kutoka kwenye kiti akakaa sakafuni, na kilio chake kikaita majirani.

"Watalipa hao!" majirani walipiga kelele. "Wafutwe wote!"

Chiriku alishtuka kusikia maneno yake mwenyewe. Mama alimvuta kifuani. "Wale nao wana kanisa, mwanangu," alisema kwa sauti iliyokauka. "Jumapili walimwomba Mungu atufute sisi. Nao waliitikia kwa nguvu, kama sisi."

Chiriku aliangua kilio. "Mama, nilikudanganya. Ombi lile nililitunga mimi."

"Nilijua," mama alisema. "Nenda ukamwambie katekista."

Alikwenda, akakiri, akaomba asome tena ombi lile kama lilivyoandikwa. Katekista alimtazama kwa huruma. "Safari hii hawatakuitikia, binti yangu. Watu wana uchungu."

"Nitasoma hivyohivyo."

Jumapili ikafika. Chiriku alisoma taratibu, hakuruka hata neno. "Tuwaombee askari wetu na askari wa upande wa pili, waweke silaha chini na kurudi kwao wazima."

Kimya. Watu walitazama sakafu. Fundi baiskeli alinyanyuka akatoka nje. Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze.

Ndipo kutoka benchi la nyuma ikasikika sauti moja iliyopasuka kwa kulia: "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Alikuwa mama yake. Hakuna aliyemuunga mkono.

Njiani, waliokuwa wakiwasalimu kila siku waliwapita kama hawawaoni.

"Haikusaidia kitu, mama," Chiriku alisema. "Vita viko palepale."

"Viko palepale, na mimi sioni dalili ya kukoma. Kaka yako harudi." Mama alifuta macho kwa upande wa kanga. "Lakini uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wale nao wana wazazi. Sitamwombea mama mwenzangu haya yaliyonipata. Nawe usiombe mtu yeyote afe, hata akiwa adui, wala usimpelekee Mungu chuki ukaiita sala."

Chiriku alimshika mkono.

Walipofika nyumbani walimkuta mteja mlangoni. Alitaka kitambaa chake, akashonewe kwingine. Mama aliingia ndani, akakikunja vizuri, akamrudishia.