Kiu ya Mtani

Rafiki yangu Severin, mkulima wa Mgeta, alimwagilia kabichi zake kwa simu: kifaa kilichofukiwa kwenye tuta kikihisi ukavu, kinatuma ujumbe na bomba linajifungua lenyewe. Fundi aliyekifunga alikuwa mtani wake, Nasibu Mzigua, aliyemcheka: "Nikikutangulia, Mluguru, nitakunywa maji yako yote!"

Akatangulia kweli. Tangu siku ya mazishi bomba halikujifunga. Tangi la maji likakauka, lakini kabichi zikazidi kunyauka.

"Mtani kanisaliti!" Severin akafoka. "Kifaa kakihamisha!"

Akalifukua tuta. Ukungu ukashuka, mchana ukawa kiza. Chini ya miguu yake akasikia glu, glu, glu, kama koo. Shimo lilikuwa tupu, kifaa hakimo. Simu ikalia: "Udongo mkavu. Ongeza, Mluguru."