Mizizi ya Ng'ambo ya Korongo

Kila asubuhi Eduviges alisaga mahindi, akamsaidia mama yake kuoka totila, chapati za mahindi, kisha akajitwika kikapu na kumfuata baba yake, Crescencio, mlimani kuchimba barbasko. Huku kwetu Veracruz, barbasko ni mzizi wa mwituni, mchungu ajabu. Zamani wazee waliuponda na kuutia mtoni ili samaki walewe. Watu wa mjini walipoanza kuununua kwa magunia, tulidhani wamerukwa na akili.

Aliyetufumbua macho ni Daktari Amparo Zurita. Ni binti wa huku huku, mtoto wa fundi viatu, aliyekwenda kusoma kemia mji mkuu, akatumia ujana wake wote kuchunguza homoni. Alitueleza kwamba homoni ni kama vijumbe ambavyo mwili huvituma ndani ya damu. Mojawapo huitwa projesteroni, nayo husaidia mimba ishike mpaka mtoto akomae. Yeye na wenzake waliitengeneza maabara kwa kutumia barbasko yetu, baada ya majaribio mengi kuharibika na watu wengi kumwambia aache.

Nyumbani kwa Eduviges walijua thamani ya kazi hiyo. Mama yake, Hermelinda, alipoteza mimba baada ya mimba. Daktari akampima damu, akaona homoni hiyo ni pungufu, akamtibu, naye akajifungua mtoto wa kiume. Sasa Leandro mdogo alikuwa analia hadi majirani wanaziba masikio, na mama yake anacheka tu.

Daktari ndiye aliyechaguliwa kuwa mama wa ubatizo wa Leandro. Alipofika kwa sherehe, alileta na ombi. Sisi tukichimba barbasko, hurudisha ardhini kipande chenye jicho ili kichipue tena. Kwa hiyo mizizi ya karibu yote ni michanga. Yeye alitaka mikongwe, isiyowahi kuguswa, kutoka ng'ambo ya korongo, apime kama uzee unaiongezea nguvu. Crescencio alikuwa anachinja nguruwe wa sherehe, basi akamtuma Eduviges na binamu yake, Chabela.

Mvua ilikuwa imenyesha na njia inateleza. Walipofika kwenye shamba la kahawa la mjomba wao, Chabela akaketi, akagoma kwenda mbele.

"Kwani lazima tuvunjike miguu? Chimba hapa hapa," alisema. "Nani atajua? Mizizi haina mdomo."

Eduviges alisita. Halafu akalifikiria gauni jipya na tamale za unga wa mahindi zinazochemka nyumbani, akachimba pale pale kwenye udongo laini, akichagua minene ili ionekane mikongwe. Daktari aliipokea kwa furaha, akaifunga vizuri.

Siku ya ubatizo watu walijaa uani. Hermelinda alisimama na mtoto mkononi amshukuru Daktari, lakini machozi yakamzidi. Daktari akamshika bega.

"Usinishukuru mimi peke yangu, dada Hermelinda. Mzizi haujileti maabara. Eduviges amepanda mlima kwenye tope kwa ajili yangu, na kazi yangu ya mwaka mzima itategemea alichonichimbia."

Wageni wakapiga makofi. Eduviges akaiweka tamale yake chini. Chabela alimfinya chini ya meza, kumwonya anyamaze, lakini yeye akainuka, akamfuata Daktari aliyekwenda kunawa mikono.

"Daktari, ile mizizi si ya ng'ambo ya korongo. Nimeichimba kwa mjomba. Nimekudanganya."

Baba yake alikuwa karibu, akasikia. Alifoka kwamba ameaibishwa mbele ya mtu aliyewasaidia kumpata Leandro. Uso ulimwiva Daktari. Kisha akamwomba Crescencio atulie, akasema ataahirisha safari yake ya kurudi maabara.

Kesho yake wakapanda wote, Chabela nyuma kabisa, amenuna. Walivuka korongo kwa kushikana mikono, wakachimba mpaka mitaimbo ikawachubua viganja. Mizizi waliyoitoa ilikuwa myeusi, minene kama mapaja. Hapo Daktari akaketi kwenye jiwe, akamwita Eduviges kando yake.

"Mwanangu, kule maabara nina vyombo vya kupima hata chembe ndogo kabisa ya homoni. Sina hata kimoja cha kuniambia huu mzizi umetoka wapi. Hilo nalijua kwa kinywa chako tu. Ungenyamaza, ningewaandikia madaktari uongo nikidhani ni kweli, na uongo huo ungeishia kwenye dawa za kina mama kama mama yako. Udanganyifu wako umeniuma, sikufichi. Ila umeniambia mapema, baba yako akiwa karibu, na hukulazimishwa na mtu. Asante sana."

Eduviges alikuwa amejiandaa kugombezwa. Asante hiyo ilimchoma kwanza, kisha ikamtua mzigo, akalia kifuani kwa Daktari bila kuona haya.