Nywila Kuu ya Bwana Marashi

"Sindano, uzi umekatika."

Maana yake ilikuwa moja: orodha imeibwa.

Ujumbe huo wa Mkuu wake ulimfikia mpelelezi Sindano redioni alfajiri; kabla ya saa sita mchana alikuwa akipanda ngazi za ofisi ya mwizi mbilimbili. Mlinzi wa kwanza alianguka ghorofa ya pili. Wa pili, ya tatu. Wote walikuwa na misuli. Akili waliziacha nyumbani.

Orodha ilikuwa na majina arobaini ya watoa habari wa bandarini. La kumi na saba lilikuwa la kaka yake, mwendesha winchi. Saa sita mchana mtambo ulio mbali ungeituma yenyewe kwa wanunuzi wa nje, na jioni watu arobaini wangekuwa maiti. Kuvunja kompyuta kusingezuia chochote. Ilibidi kuingia kwa nywila kuu na kuifuta.

Saa yake ya Casio: saa sita kasoro dakika kumi.

Alisukuma mlango kwa mdomo wa bastola yake ya Glock.

Mwenye ofisi alikuwa mlanguzi wa silaha. Alizipitisha ndani ya katoni za manukato, ndiyo maana akaitwa Bwana Marashi. Hakujisumbua kusimama.

"Karibu dada. Keti."

"Nywila."

"Ah! Hata salamu?" Alicheka mpaka kitambi kikatikisika. "Aliyeitunga ni mtaalamu kutoka ng'ambo. Herufi, tarakimu na alama, jumla ishirini na mbili! Nipige risasi uone kama maiti itakutajia. Na ukikosea mara tatu, inajifunga hadi kesho."

"Wewe unaikumbuka?"

Alisita. Nukta moja tu.

"Iko hapa." Akajigonga paji la uso.

Sindano alilitazama paji hilo kama mtu anayetazama nyumba isiyo na mpangaji. Faili lake alilisoma lote. Bwana huyu alishasahau tarehe ya kesi yake mwenyewe, mara mbili. Takataka ishirini na mbili zisizo na maana haziwezi kukaa humo. Zimeandikwa. Na zimeandikwa pale anapoweza kuziona akiwa amekaa.

Alimfunga pingu kwenye kiti, akasimama nyuma yake na kutazama alichokuwa akitazama yeye kila siku.

Kalenda. Feni. Mtungi mwekundu wa kuzima moto.

Kadi ya ukaguzi wa mtungi ilikwisha muda miaka minne iliyopita. Mshale wa presha ulilala kwenye sifuri. Lakini lebo ya namba ya mtungi ilikuwa nyeupe pe, haina hata vumbi.

"Mtungi mtupu," alisema. "Lebo mpya ya nini?"

Bwana Marashi alijivuta kwenye pingu. "Dada yangu, tuzungumze kiutu uzima..."

"Nyamaza."

Aliinakili. Ishirini na mbili kamili. Kompyuta ikafunguka.

Zilibaki dakika nne. Akafuta amri ya kutuma, kisha orodha. Kumbukumbu za silaha aliziacha; hakimu angezihitaji. Halafu akabadilisha nywila kuu.

Yake aliitunga asubuhi, kwa dadu na kamusi. Dadu zilichagua kurasa. Moyo hauaminiki kwa kazi hiyo. Moyo huchagua jina la mke. Yalitoka maneno sita yasiyo na undugu: kobe, mwanasheria, ngazi, pasi, tikiti, baridi. Akayachorea picha moja ya kipuuzi: kobe mwanasheria anapanda ngazi, pasi kichwani, tikiti kwapani, anatetemeka kwa baridi. Mashine ingeyasaka karne nzima. Yeye asingeweza kuyasahau hata kwa kulipwa.

Redio ikakoroma.

"Mkuu hapa. Vipi?"

"Uzi umeshonwa."

"Safi sana! Nitajie nywila mpya niiandike mahali."

"Hapana, Mkuu."

"Hiyo ni amri!"

"Orodha iliibwa kwenye kompyuta ya nani, Mkuu?"

Ilikuwa ya Mkuu mwenyewe. Na kila mtu makao makuu alijua nywila yake: jina la mkewe na mwaka wa harusi.

"Nitaifungua mwenyewe mbele ya hakimu," alisema Sindano, akakata.

Bwana Marashi alikuwa akilowa jasho. "Miaka ishirini ya kazi yangu imo humo! Umeweka nini, dada? Niambie tu."

Sindano alibandua lebo kwenye mtungi, akaibandika taratibu kwenye paji la uso la mlanguzi.

"Haya. Sasa kweli iko hapo."

Akashuka ngazi mojamoja, bila haraka, akimpigia kaka yake simu kumuuliza kama ameshakula.